Shukrani ya Oktoba

"Mwaka huu tusherehekee kwangu, Mama," Renita alisema kwenye simu, macho kayafumba. "Siku yetu ya Shukrani ya huku Kanada. Oktoba."

Akangoja kutukanwa. Tangu aolewe ng'ambo ya mto, mjini Windsor, miaka kumi na tisa sasa, mama yake aliyebaki Detroit hakuwahi kukanyaga kwake siku hiyo. Wakanada hula bata mzinga wao wa shukrani Oktoba, Wamarekani mwishoni mwa Novemba, na kwa Mama Odessa Tibbs Mungu alipokea shukrani mara moja tu kwa mwaka, tena Alhamisi, tena jikoni kwake.

"Haya," mama akajibu. "Nije saa ngapi?"

Renita almanusura adondoshe simu.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mwishoni mwa Septemba daktari wa mama yake alimpigia. Mama mwenyewe ndiye aliyetoa namba ya binti, eti masikio yake yamechoka na lugha ya hospitali. Daktari hakuzunguka: Mama hataiona sikukuu ya Novemba.

"Nimwambie mimi au wewe?" akauliza.

"Nitamwambia mwenyewe."

Hakumwambia. Siku ya kwanza alikosa maneno, ya pili akakosa moyo, ya tatu likamjia wazo la Oktoba. Akaona aibu, lakini akapiga simu vilevile.

Sasa, tusifichane: Renita hajui kupika. Hata yai la kuchemsha kwake ni kubahatisha. Akaenda kwa mpishi wa shughuli pale Windsor, mama mmoja mchangamfu mwenye orodha ndefu kama ya harusi. Bata mzinga mzima au vipande? Boga la kuokwa? Matufaha ya mdalasini?

"Nataka kama anavyopika mama yangu," Renita akasema.

"Anapikaje?"

Miaka arobaini na nne Renita amekula chakula kile, na hajawahi hata siku moja kusimama karibu na sufuria akauliza. Machozi yakamlenga mbele ya mgeni. Akaweka alama kwenye kila kitu kilichokuwa katika orodha.

Siku yenyewe Mama Odessa alifika na kofia ya kanisani, gauni limempwaya. Akaketi, akaanza kukagua.

"Hii nini?"

"Pai ya boga, Mama."

"Boga! Kwani viazi vitamu vimeisha Kanada?"

Tyrell, kaka yake Renita, akacheka mpaka akapaliwa. Mkewe akampiga mgongoni.

"Na makaroni haya yamepikwa na mtu au yamepikwa na kiwanda?"

"Mama, kula basi!"

"Si nakula? Mdomo unatafuna na unasema, Mungu kanipa mmoja wa kazi zote."

Akaonja kila sahani, hata boga. Akaomba kipande cha pili. Renita alimtazama vidole vilivyokonda vikishika uma. Alijiona mwizi, tena mwizi anayemwibia mama yake huku akimkaribisha mezani.

Mlangoni, wakati wa kuagana, akajikaza. "Mama, kuna jambo nataka nikwambie..."

"Kwenye baridi hii? Mwanangu, acha." Mama akamshika kidevu. "Ya kwenu nimekula. Ya kwetu, Novemba, mnakuja kwangu wote, hata iweje. Niahidi."

"Naahidi, Mama."

Renita akatabasamu alipokuwa akisema hivyo. Tabasamu hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote.

Mama Odessa alifariki tarehe tisa Novemba, asubuhi, usingizini. Renita alikuwa bado hajamwambia. Msibani watu walimwambia, "Umemtunza mama yako," naye akaitikia huku akitamani ardhi ipasuke immeze.

Ile Alhamisi ya shukrani ilipofika, wakaenda Detroit, maana ahadi ni ahadi. Wakaketi wote kwenye meza ya Mama, jiko baridi, mkate na jibini katikati. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kushukuru chochote.

"Nilijua," Renita akasema ghafla. "Daktari aliniambia Septemba. Nikamficha. Mtu ana haki ya kujua siku zake zimebaki ngapi, akaaga, akapanga mambo yake. Mimi nikamlisha boga."

Mke wa Tyrell akaanza kulia. Mara kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa Bwana Gaddis, mpishi wa shughuli wa mtaa ule, aliyesali na Mama kanisa moja. Miaka thelathini Mama alimkejeli kwamba chakula chake ni cha wavivu na wajane wa kiume. Sasa amesimama kibarazani na matrei yanayofuka moshi: bata mzinga, sukuma wiki, makaroni ya jibini, pai mbili za viazi vitamu.

"Umekosea nyumba, Bwana Gaddis," Renita akasema. "Hatukuagiza."

"Ninyi hamkuagiza. Kaagiza Dada Odessa."

"Mama? Lini?"

"Agosti. Alikuja mwenyewe, na fimbo yake, na maelekezo yake ya kupika kayaandika. Akaniapisha nisitamke neno mpaka leo." Bwana Gaddis akavua kofia. "Chakula cha watu saba. Nikamwuliza, 'Dada, kwako si huwa mko wanane? Mwaka huu nani hayupo?' Akacheka yule mwanamke, akacheka kweli. Akaniambia, 'Mpishi.'"