Fundi wa Mwamba Mweupe

Jambo la kwanza wazee walilomuuliza Borafya ni kama anakula pweza.

Walikuwa watatu, wamekaa mkekani nyumbani kwake, mtaa wa Malindi, mjini, kofia zimepigwa pasi, kahawa hawajaigusa. Walitoka kijiji cha Mwamba Mweupe, kusini mwa kisiwa, kwa ajili ya timu yao ya mpira. Mwaka mzima Borafya alikuwa akisubiri watu kama hawa wapige hodi, na sasa wamekuja wanauliza habari za pweza.

Akafikiri upesi. Bagamoyo, kwenye kozi ya ukocha, walisomeshwa siku mbili nzima juu ya chakula cha mchezaji.

"Siku za mchezo sili," alisema. "Wala wachezaji wasile. Na usiku wa kuamkia mchezo, mwenye mke alale mbali naye."

Wazee wakatazamana. Mwenyekiti, Mzee Nahodha, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei akaridhika.

"Fundi wetu kafariki mwezi wa Rajabu," alisema. "Tangu hapo hatujashinda hata mchezo mmoja. Ndiyo tukasikia wewe umesomea Bagamoyo. Ni kweli?"

"Naam. Miezi sita."

"Chini ya nani?"

"Walimu walikuwa watatu. Mmoja Mkongo."

Mzee wa pembeni akavuta pumzi.

Nyuma ya pazia Mwanakheri alikuwa anasikiliza. Borafya alijua, maana sufuria zilikuwa zimenyamaza. Mkewe ndiye aliyeilipia kozi ile. Aliuza cherehani aliyokuwa akitafutia riziki, ili mume akasomee kazi ambayo hapa kisiwani watu huifanya bure, jioni, wakishatoka kazini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Borafya alimwambia siku ile. Lakini aliyeinama alikuwa Mwanakheri. Borafya akaacha ukarani, akaenda, akarudi na cheti chenye mhuri, akakitembeza klabu hata klabu. Kila mahali walimsifia mhuri. Mwalimu tunaye, walimwambia, ni shemeji yake katibu.

"Cherehani yangu ilikwenda Bagamoyo ikarudi karatasi," Mwanakheri alisema mara moja tu, bila kupandisha sauti, na Borafya akaona afadhali angepigwa. Wiki iliyopita alikata shauri: "Mwezi ukiandama nawe huna kazi, mie nnakwenda kwetu Fumba. Nshachoka kuazima hata sindano." Zilibaki siku tano.

"Na hayo uliyosoma," Mzee Nahodha aliuliza, "yanafaa?"

Swali hilo Borafya alikuwa akijiuliza kila siku, akitembea Darajani na mikono mitupu.

"Yanafaa," alijibu, na akajiona mwongo, kwa sababu hajapata kuyajaribu.

"Basi sema unachohitaji, fundi."

Neno lile lilimtia joto moyoni. Wakufunzi wake walisema mpira ni ufundi, na huyu hapa ndiye mtu wa kwanza kumpa jina linalomstahiki.

"Kamba," alisema. "Chokaa. Vigingi. Vitambaa vyekundu kumi na kimoja, na vyeupe kumi na kimoja."

"Na vyeusi?"

"Vyeusi si lazima. Tena nataka mahala pa faragha, alfajiri, asituone mtu wa timu pinzani. Na wapinzani wenyewe nataka kuwajua mmoja mmoja, hasa mfungaji wao."

"Majina yanakusanywa," alisema Mzee Nahodha. "Ukituvusha Jumapili, utakaa kwetu. Nyumba ipo, posho ya mwezi ipo, na mkeo utamleta."

Pazia likafunguka. Mwanakheri akatoka mwenyewe na sahani ya halua, akawaamkia wazee mmoja mmoja. Alipopita mbele ya mumewe alimtazama usoni, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miezi mingi. Borafya alitaka kulia.

Jumamosi asubuhi gari lilikuja kumchukua. Njia nzima alisoma daftari lake la Bagamoyo, midomo ikimcheza. Aliogopa atasahau. Aliogopa vijana watamcheka, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuwa mchezaji wa maana.

Gari liliposimama kando ya uwanja, aliona vijana wanakimbia kwa zamu, wawili wawili, wanapeana pasi fupi na kugeuka. Lilikuwa zoezi lilelile lililomchukua yeye wiki tatu kulielewa. Katikati alisimama kijana mwembamba mwenye filimbi, akiwarekebisha kwa upole, na kila alichosema kilikuwa sawa.

"Yule nani?"

"Silima. Mwalimu wa timu," alijibu Mzee Nahodha, aliyekuwa akimngoja hapo.

"Kasomea wapi?"

"Hajasoma popote. Ana macho tu."

Borafya alihisi daftari linamlemea mkononi. "Mwalimu wa mpira mnaye?"

"Mwalimu hatujapungukiwa," alisema Mzee Nahodha, akamkabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. "Tulipungukiwa na fundi."

Ilikuwa orodha ya wapinzani. Usi wa Mwanamkasi. Mcha wa Tabia. Majina kumi na moja, na kila jina limefuatwa na jina la mama. Kwenye mkunjo palikuwa na mchanga kidogo, umefungwa kwenye kitambaa chekundu.

"Wa mfungaji wao, huyo Usi," alinong'ona mzee. "Unyayo wa kulia."

Angeweza kucheka. Angeweza kuomba gari limrudishe mjini, akawaeleza wazee hawa waungwana kwamba wamekosea nyumba, yeye si mganga. Zilibaki siku tatu. Mwanakheri, Borafya alipokuwa akiondoka nyumbani, alikwishaanza kufunga vyombo vya kuhamia.

Uwanjani Silima alipuliza filimbi. Borafya akafumba macho, akaunusa mchanga kwa muda mrefu, kisha akauliza kama huyu Usi ni mtoto wa kwanza kwa mamake.