Korongo wa Marumaru

Sheria mpya ya Genova ilisema ukoo usiofikisha nyumba sita upoteze jina, uingizwe katika ukoo mwingine. Ukoo wa Bi Pometta ulikuwa na tano. Ya sita aliifunga mwenyewe mwaka juzi, ili wanawe wawili waishi pamoja, wale meza moja.

Sasa fundi alikuwa juu ya ngazi, patasi yake shingoni mwa korongo wa marumaru juu ya mlango, nembo ya ukoo wao wa wauza hariri.

"Nianzie wapi, mama?"

"Popote, baba."

Mdomo wa korongo ulidondoka, ukatua juu ya kiatu cha Bi Pometta. Hakuusogeza. Vumbi jeupe lilimtanda kwenye kope.

Jirani alichungulia dirishani, akicheka.

"Bi Lercasco! Mbona huitiki? Au hujalizoea jina jipya?"

"Abee," akaitika.