Uzi Uliolegea

"Uzi ule ule umelegea tena, fundi," alisema Bi Tekla, akimimina chai. "Wanafunzi wangu ndio kwanza wanaanza. Watazoea sauti mbovu."

Zakayo aliifungua piano. Kitabu cha mazoezi kilikuwa kwenye ukurasa ule ule wa mwezi uliopita, kimeshika vumbi. Msumari unaoshika uzi ulikuwa na mikwaruzo mipya ya koleo.

Alitoa ufunguo wake wa kukazia na kulegezea nyuzi, akaukaza uzi, akabonyeza mpaka sauti ikatulia. Kisha akanywa chai taratibu, maana hata kwake hakuna aliyemngoja.

"Koleo litaula ule msumari, mama," alisema akiwa mlangoni, bila kugeuka.

Ufunguo wake aliuacha juu ya piano.