Mkono wa Breki

Fundi aliyasukuma mafuta mapya kwa sindano ndani ya breki ya baiskeli, akiyatazama yakipita kwenye mpira mwembamba. Hakuona hata povu moja.

"Hewa haimo, dada," akasema. "Ila pedi za breki zimeshikana, ndiyo maana gurudumu haliingii. Kuna mtu anaibana breki hii gurudumu likiwa nje."

Maimuna akainamisha macho. Chumba chake cha Tiwi ni chembamba, kwa hiyo gurudumu la mbele hukaa chini ya kitanda. Mumewe mwenye baiskeli yuko Doha, mwaka wa tatu huu. Kwenye mkono wa breki, rangi imechujuka pale kidole cha mumewe kilipozoea kukaa. Kila akishaswali Magharibi, Maimuna hukiweka chake pale pale, akabana.

"Ni watoto?"

"Sijajaaliwa bado."

Fundi akazitenganisha pedi taratibu kwa kijiti, akakunja kipande cha boksi, akakipachika katikati yake.

"Hiki usikitoe," akasema, akijifuta mikono bila kumtazama. "Sasa bana utakavyo."