Kofia Ilikuja Polepole

Siku ya tatu baada ya mazishi, Bi Mwanahamisi alipanda hadi juu ya tangi la maji la mji, mahali mwanawe Saburi alipoteleza akipaka rangi.

“Alikawia hewani?” alimuuliza fundi Masoud aliyepanda naye, mwenzake Saburi kazini, aliyekuwa chini siku ile.

“Hapana, mama. Kufumba na kufumbua alikuwa chini.”

“Na kofia yake?”

Fundi aliinamisha kichwa. “Kofia ilikuja polepole, upepo umeibeba. Ilipotua, tulikuwa tumeshamfunika.”

Bi Mwanahamisi alivua kanga ya mabegani, akaiachia. Ilijaa upepo, ikayumba, ikateremka taratibu kama iliyopakatwa.

“Kitambaa kinapokewa,” alisema huku akilia. “Mwanangu je?”

Chini, wapita njia walisimama, wakainua mikono kuidaka.