Utepe wa Walburga

Kengele za kanisa zilipoanza kulia, Walburga alikuwa mbele ya kioo na utepe wake mweusi wa mahameli, ule wanaouvaa shingoni wanawake wa Bavaria siku za sikukuu. Alishaufukiza kwa mvuke wa birika, manyoya yake yakasimama kama mapya.

Kwa miaka thelathini utepe huo ulilificha rovu lake, uvimbe mkubwa wa shingoni. Peke yake hakuweza kuufunga. Kila mara aliinua kidevu, mumewe akavuta ncha mbili kwa nyuma na kubana kishikizo cha fedha huku akitweta.

Sasa daktari alikuwa ameliondoa rovu, na jana Walburga aliupunguza utepe kwa mkono wake.

Akaupitisha shingoni. Kishikizo kikaingia mara moja, tik! Vidole viwili vikapita chini yake bila taabu. Akatabasamu.

Nje akasikia buti, kisha maji ya beseni. Mumewe alikuwa ananawa mikono asije akachafua mahameli.

"Mama, upo tayari?" mumewe akaita. "Ng'ombe nimeshawafunga wote, umebaki wewe!"

"Huna adabu!"

Akakifungua kishikizo upesi, akaugeuzia mlango mgongo, akainua kidevu.

"Njoo basi, nakungoja."