Chini ya Kanga

Kwenye ukuta wa zahanati walikuwa wamechora picha mpya: mama, mtoto kifuani, na maneno makubwa mekundu, "Mama anayempenda mwanawe humnyonyesha."

"Wangesema tu maziwa ya mama ni bora, nani angegomba?" alifoka mwanamke mmoja kwenye benchi. "Hilo 'anayempenda' lifutwe leo leo!"

"Lisifutwe," alijibu Mwatumu, huku akimfunika mwanawe kifuani kwa kanga. "Linamuuma anayejijua."

Wengine wakaguna, wengine wakacheka. Sikudhani, aliyekaa ubavuni mwa Mwatumu, hakuthubutu kuinua macho. Maziwa yake yalikataa kutoka tangu alipojifungua. Mwanawe alikuwa analia kwa njaa. Mwishowe akajitanda kanga mpaka kidevuni, kama wanavyofanya wanaonyonyesha, na humo ndani akampa chupa. Aliishika kwa vidole viwili tu, umbo lake lisije likajichora kwenye kitambaa.

Maziwa yalipokwisha, chuchu ya mpira ikavuta hewa: fyoo! Sikudhani akakohoa upesi kuifunika ile sauti, akaichomoa chupa.

Fyoo! ikalia tena.

Akachungulia ndani ya kanga yake. Mwanawe alikuwa amelala, mdomo mtupu.

Mwatumu naye akaanza kukohoa. Alikohoa kwa nguvu, macho kayakaza ukutani, mkono umebana pindo la kanga yake. Watu wakageuka kumtazama.

Sikudhani akasogea, akaivuta kanga yake kwa upande mmoja, akaipitisha juu ya bega la Mwatumu.